Chumvi Niliyodhani Imeisha

Mshauri wangu mpendwa, hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu, moyo ndio naomba uusaidie.

Ni mama wa miaka hamsini na miwili, naosha vyombo katika maabara ya sekondari, na mwalimu wa kemia hapo ni mke wa mwanangu, ndiye aliyeniombea kazi hii wala hajawahi kuniinulia sauti, sasa siku moja kabla ya mtihani wa vitendo nilikuta dumu lake la maji ya mvuke, yale anayoyatunza kwa kuwa hayana chumvi hata chembe, limepungua, na pembeni lipo beseni la maji niliyosuuzia vikombe vilivyokuwa na chumvi, nikayatazama, safi kama machozi, nikasema chumvi imeisha, kumwaga ni kufuru, nikayatia dumuni.

Kesho yake wanafunzi wakachovya nyaya za betri na taa kwenye maji yale, taa isiyopaswa kuwaka ikawaka, wote thelathini wakaandika walichokiona. Mkuu wa shule akamwambia mkwe wangu mbele yangu, “Mwalimu, maji matupu yameanza lini kuwasha taa? Au uliwafanyia muujiza?” Akajibu tu, “Mkuu, maji niliyapima mwenyewe juzi.” Mimi nikainama, nikapiga deki palipokwisha kupigwa deki.

Ijumaa anaitwa mbele ya bodi, wanasema hafai kusimamia maabara. Nyumbani mwanangu anamwambia, “Ulizembea wewe,” naye anapekua vitabu akitafuta kosa lake, na mimi nafunga, nasali Mungu amfunulie, lakini jina langu silitaji, maana mimi ndimi kiongozi wa maombi ya akina mama na naona haya. Nifanyeje?

Mama mkwe mwenye haya

JIBU

Mama mwenzangu, pole. Lakini acha nikuseme. Unamwomba Mungu amfunulie mkweo jambo ulilo nalo mdomoni? Huko ni kumtuma Mungu kazi yako.

Chumvi haikuisha. Punje ya chumvi ni chembe za aina mbili: ya sodiamu imetoa elektroni, ya klorini imeipokea, moja ikabaki na chaji chanya, nyingine hasi, zikang'ang'aniana kwelikweli. Ndiyo maana chumvi kavu ni ngumu, moto wa jikoni hauiyeyushi, na haipitishi umeme, kwa kuwa hakuna chembe inayoweza kusogea. Ikiingia majini, zinaachana, kila moja inatembea na chaji yake. Wewe huzioni, taa inazijua. Wanafunzi waliandika kweli, na mkweo hakuzembea.

Leo, kabla hajavua viatu, mwambie, “Mwanangu, ni mimi.” Usianze na “shetani alinipitia”, shetani hakushika beseni. Kesho nendeni wawili kwa mkuu, na dumu lenyewe, msilimwage. Mkweo achemshe kikombe kimoja cha maji yale mbele ya mkuu mpaka yakauke. Utabaki ukoko mweupe. Maji ya mvuke hayaachi kitu. Hapo ombeni wanafunzi warudie zoezi kwa maji mapya.

Mwanao amwombe mkewe radhi. Akina mama wa maombi nao wasikie kwako, si dirishani kwa jirani.

Kazi unaweza kuikosa, sikufichi. Ila ataikosa aliyekosea.

Niandikie upesi unijulishe mkuu amesema nini.