Kurasa Ulizozishona

Mpendwa Baba,

Cherehani yako bado ipo hapa nyumbani Kasubi, na vitabu vyako viko juu yake. Ni vile vinene vya yule Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria, ulivyovinunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vikuukuu pale Nakivubo, karibu na kibanda chako cha ushonaji.

Kila Ijumaa baada ya alasiri ulitusomea, mimi na Mama, ukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo. Wezi, mawakili, mayatima, ukungu wa London. Mama alikuwa akicheka, "Kumbe na Wazungu wana fujo kama za soko la Kalerwe." Halafu kila ulipofika mahali ambapo kurasa mbili tatu zimeshonwa pamoja kwa uzi mweusi, uliziruka. Nikiuliza, ulijibu, "Hizo zimeliwa na panya, mwanangu."

Baada ya mazishi yako nilikata nyuzi zile kwa wembe. Kila penye mshono, mtu alikuwa akifa. Yule mtoto wa hadithini uliyeniambia amepata kazi mji wa mbali, naye alikuwa amekufa. Nikakumbuka ulivyotuambia hospitalini, "Jumatatu nitakuwa kazini."

Sasa ninayemsomea Mama ni mimi. Kifua chake hakijatulia tangu mvua zianze, na daktari akitaka kuzungumza nami hunitoa nje kwanza. Kitabu cha mwisho uliishia katikati. Nusu iliyobaki haina mshono wako. Kwa hiyo huwa natangulia kusoma peke yangu. Wiki iliyopita nilimkuta humo mama mmoja mgonjwa, anakohoa kama Mama. Kurasa nne. Nikachukua sindano yako.

Ijumaa nilipofika hapo niliruka, nikajitahidi sauti isibadilike. Mama akanyoosha mkono, akapapasa ukingo wa kitabu.

"Uzi mweusi?"

"Ni panya, Mama."

"Baba yako macho yalikuwa mabovu. Unadhani nani alikuwa akimtungia uzi?"

Mama akavuta shuka mpaka shingoni.

"Nimeshajua. Soma zinazofuata, mwanangu bambi."

Nikasoma. Zimebaki sura tatu, Baba, na sijathubutu kutangulia. Leo asubuhi Mama ameomba nimletee ile sindano kitandani. Niliporudi kumchukulia kikombe, nimeikuta mkononi mwake, tayari imetungwa uzi mweusi.

Lala salama. Ijumaa ijayo nitakaa kwenye kiti chako.

Ni mimi, binti yako