Tumbo ya Paka ya Rasoa

Jumatatu, 5 Machi 1973
Kubeba simiti Upper Hill mpaka saa kumi. Mgongo imekufa. Nafika chumbani River Road, paka ametapika tena kwa kitanda. Samaki ametoka vile alimeza. Amekonda, mifupa tu. Ni paka ya marehemu mke wangu, Rasoa. Sina raha.

Jumatano, 7 Machi
Ni sumu. Mama Halima wa chumba ya pili anaweka sumu ya panya, na hii paka huiba samaki yake. Nimempa maziwa ya kuvunja sumu. Ametapika yote. Nikasimama mlango ya Mama Halima, nikamwita muuaji. Jirani wote wanasikia.
Akasema, "Baba Wekesa, mimi niue paka? Kwetu paka hulala kwa mkeka wa kuswalia. Mshike tumbo kwanza, kisha urudi unitukane vizuri."
Sijashika.

Alhamisi, 8 Machi
Nimeshika. Kuna kitu ngumu, kama limau.
Kazini nimeangusha ndoo mara mbili.

Jumamosi, 10 Machi
Kazi nusu siku. Nimebeba paka kwa kiondo ya Rasoa mpaka Kabete, kwa daktari ya mifugo. Kwa miguu. Daktari anasema si sumu. Utumbo iko na nyama yake, ile inasukuma chakula. Hapo ndio saratani imeota, inaziba njia. Atamlaza usingizi, akate. Akikuta imefika kwa ini, hatamwamsha. Kama bado, ataishi, lakini inaweza kurudi.
Nimemwacha. Kiondo tupu ni nyepesi vibaya.

Jumapili, 11 Machi
Kanisa sikuenda. Nimetembea tu, mpaka Kilimani na kurudi.
Rasoa pia alilia tumbo. Nikasema kuna mtu amemwekea kitu kwa chakula. Maziwa, wiki mbili. Hospitali tulifika tumechelewa. Tumbo yake sikushika hata siku moja.

Jumanne, 13 Machi
Paka yuko hai, nimemrudisha nyumbani. Ini ni safi. Uvimbe yote daktari aliona ametoa. Chakula laini, kidogo kidogo. Kila wiki nishike tumbo, nikipata ngumu nimrudishe mbio.
Nimeomba Mama Halima msamaha, mbele ya jirani wale wale. Akasema, "Nimekusamehe. Sasa toka mlangoni, samaki wa mgonjwa anaungua."

Jumapili, 25 Machi
Mvua. Mama Halima ameleta samaki, ametoa miiba. Paka amekula, hajatapika. Nimepasha mikono kwa jiko, nikamshika tumbo polepole, pande zote.
Laini. Leo ni laini.