Almasi Chini ya Ulimi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako imefika hapa Kambarage pamoja na swali lako. Goti la bibi yako limepoa, sasa ana nguvu za kugombana na kuku wangu.

Umeniuliza kama binadamu huzaliwa mwema au mbaya. Walimu wako huko chuoni watakujibu vizuri zaidi. Mimi nina kisa cha siku moja tu cha kukusimulia.

Nikiwa kijana, mimi na rafiki yangu Masanja tulichekecha kokoto kule Songwa tukitafuta almasi, kwa ahadi ya kugawana kila tutakachopata. Ilikuwa Ramadhani. Adhuhuri moja nikaiona almasi kwenye chekeche langu, kubwa kama punje ya muhindi. Masanja alikuwa amenipa mgongo. Nikaitia chini ya ulimi.

Unajua kilichonisumbua mchana kutwa? Kama jiwe mdomoni linabatilisha funga! Nilitema mate kwa uangalifu kama shehe. Wizi wenyewe haukunijia akilini hata kidogo.

Masanja hakuwa Mwislamu. Lakini mwezi ule wote alikuwa akienda kunywa maji nyuma ya lundo la kokoto, nisimwone nikatamani. Jua lilipozama akaniletea kikombe.

"Fungua, ndugu yangu."

Nikaitema almasi kiganjani mwake.

Akaitazama, akanitazama, kisha akasema, "Haya, sasa kunywa."

Zuhura, sijui kama Mungu aliikubali funga yangu ya siku ile. Ya Masanja naamini aliikubali.

Babu yako akupendaye