Vipande Viwili vya Kanga ya Mama Yako

Kabula mwanangu,

Nina hasira, kwa hiyo salamu zitasubiri.

Unanijua mjomba wako. Mimi ndiye niliyelima maboga hapa Tura mpaka treni ya Kigoma ikapunguza mwendo ili dereva ayatazame. Mashahidi wote wamekufa, lakini ni kweli. Basi wewe, mtoto niliyekubeba mgongoni, ukarudi kutoka chuo cha kilimo, ukachuchumaa kwenye bustani ya mama yako ninayoilima mimi, ukang'oa mche wa maharage na kunionyesha mizizi mitupu.

"Mjomba, hapa palitakiwa kuwa na vinundu vya kulisha mmea. Vijidudu vinavyovitengeneza vimekufa. Udongo una tindikali."

Nikakuuliza kama chuoni mlifundishwa kuulamba. Ukanieleza taratibu kwamba ile mbolea ya dukani ya tumbaku ninayobakiza shambani na kuimwaga bustanini kila msimu ndiyo inayouchachua. Eti udongoni mna viumbe wasioonekana, ndio wanaoivunja samadi iwe chakula cha mmea, na wengi wao uchachu hawauwezi. Nikasema sipiki kwa ajili ya wageni nisiowaona. Majirani walicheka sana. Wewe hukucheka.

Ukachana kanga kuukuu ya mama yako, ya pamba tupu. Kipande kimoja ukakifukia katikati ya bustani, kingine kwenye ile kona uliyokuwa unaitia samadi, na majivu ya kupunguza uchachu, tangu urudi. Ukasema tungoje wiki sita, palipo na wasioonekana walio hai pamba italiwa, watajisemea wenyewe. Juma lile lile homa ikakuchukua. Siku nne tu. Nani anaondoka namna hiyo, Kabula, kabla hajamaliza kubishana na mtu?

Sasa sikia ubaya wangu. Msibani wapishi walikwenda kuchuma mchicha, wakaukuta umedumaa, majani ya njano. Wakauliza kulikoni. Mdomo wangu unaujua. Nikasema ni yale majivu ya Kabula. Nilisema mama yako akisikia. Akainamisha kichwa, na tangu siku hiyo hajakanyaga bustanini. Anaamini kazi ya mwisho ya mikono yako ilikuwa kuharibu.

Jana nimechimba. Kipande cha katikati kimetoka kizima, maua yake yanaonekana, ukikifua unafunga kichwani. Cha kwenye kona kimeliwa. Nimebaki na pindo na nyuzi chache, na udongo mweusi unaonukia kama mvua. Nikakaa pale pale chini nikakutukana. Kisha nikajitukana mimi, na hapo ndipo matusi yalipopata mwenyewe. Kwa nini hukunifokea? Kwa nini ulinivumilia, mimi wa darasa la tano, kana kwamba nina akili?

Jumapili ni arobaini yako. Watakuja wale wale niliowadanganya. Nitasimama mbele yao nimwambie dada yangu: aliyeua bustani ni mimi, mwanao alikuwa anaiponya. Nimejizoeza maneno hayo tangu asubuhi, na kila nikiyasema natamani kuyapamba. Sitayapamba. Naahidi.

Pumzika, mwanangu. Kama mama yako atanifukuza baada ya hapo, nitakwenda zangu bila kujitetea, ilimradi niwe nimemwona akiingia bustanini.

Mjomba wako.