Mkono wa Kushoto wa Mutinda

Jumatatu, 16 Julai 2001

Baridi. Ukungu umekalia vilima vya Iveti mpaka saa tano. Ofisini tumetaipu na makoti mwilini, mimi na Bi. Ummi.

Saa sita akaingia karani mmoja na bahasha ya kaki. Ni kitabu cha sherehe ya kumuaga mwalimu anayestaafu, huko kwetu Muthetheni. Bi. Ummi akanipa mimi — wewe ni wa huko, utauelewa huo mwandiko.

Nikafungua. Juu kabisa: MAISHA YA MWALIMU REUBEN.

Jina lake nimelitaipu herufi tatu tu. R, E, U. Vidole vikakataa. Nikamwambia Bi. Ummi tumbo linaniuma. Akanichemshia chai ya tangawizi.

Jumanne, 17 Julai

Nimemaliza kurasa mbili. Miaka thelathini na mitatu ya kufundisha. Mzee wa kanisa. Kwaya yake iliimba mpaka Nairobi. Na mstari huu: "Aliwapenda watoto wote kama wake."

Kaka yangu Mutinda hayumo. Nilidhani nitamkuta wapi? Karatasi nzima nimelitafuta jina lake kama mjinga.

Jumapili, 22 Julai

Tukitoka kanisani, pale stendi, Mumbua akanipa mkono tuvuke barabara. Nikamshika kola ya gauni. Akauliza, "Mama, kwa nini wewe hunishika nguo tu?" Nikamwambia tembea, gari zinakuja.

Ana miaka tisa. Miaka yangu ya wakati ule.

Basi niandike mara moja yaishe. Hakuna atakayesoma.

Mwaka wa 1976, muhula wa pili. Darasa la tatu na la nne tulikaa chumba kimoja. Mimi la tatu, kaka yangu Mutinda la nne. Asubuhi hiyo alichelewa — alikuwa amepeleka mbuzi wa mwaitu, mama yetu, kunywa maji mtoni. Mwalimu Reuben akamwambia alale juu ya dawati. Mutinda akarusharusha miguu. Mwalimu akatazama darasa, akachagua wa kumshika. Wavulana wawili miguuni. Mmoja mkono wa kulia. Halafu — "Mbula, wewe shika wa kushoto. Ni ndugu yako, hatakuumiza."

Nikashika. Kwa mikono yangu yote miwili! Nilitaka tu amalize haraka. Mutinda aliniangalia mara moja, kisha akaangalia sakafu. Matako, mgongo, halafu akajipinda na fimbo moja ikamfikia kichwani. Hiyo niliisikia tofauti na zile nyingine.

Jioni akasema anaona vitu viwili viwili. Siku ya tatu hakuamka.

Mwalimu alifika kabla ya majirani. Alimwambia mwaitu ni malaria iliyopanda kichwani, ameiona kwa watoto wengi. Alileta blanketi jipya la kumfunika. Aliongoza maombi. Akitoka aliniwekea kiganja kichwani, akasema polepole: "Na wewe ulishika. Usisahau."

Sijasahau. Sijamwambia mtu. Baba Mumbua yuko kazini Athi River, anakuja mwisho wa mwezi, na hata yeye anajua malaria tu.

Alhamisi, 26 Julai

Amekuja mwenyewe!

Nilikuwa nimeinama kwenye mashine, nikaona viatu. Vyeusi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa. Sikuhitaji kuinua kichwa. Anataka kusoma kabla hatujatoa nakala. Akavaa miwani, akavuta kiti karibu na changu. Akasoma yote kwa kidole. Alipata kosa moja tu, nukta iliyopotea.

Akasema, akinitaja na jina la mwaitu, "Mbula wa Kavutha. Bado uko makini, kama zamani."

Akauliza kuhusu Mumbua, kwa jina. Mama yako ameniambia mjukuu anakuja likizo, anasema. Hesabu zake si nzuri? Nitamfundisha pale kwangu mchana, sina kazi nyingine sasa. Mama yako amefurahi sana.

Nikajibu, "Ndiyo, Mwalimu."

Nilisimama wima, mikono nyuma, mwanamke wa miaka thelathini na nne. Ndiyo, Mwalimu!

Alipoondoka Bi. Ummi akafunga mlango. "Huyo mzee amekufanya nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani, na umesimama hivyo mpaka amevuka barabara?"

Nikachukua karatasi nikaanza kuhesabu kurasa.

Jumatano, 1 Agosti

Mwaitu amekuja mjini. Kiondo kimejaa maharagwe na viazi vitamu. Atalala hapa mpaka shule zifungwe Ijumaa, halafu twende wote. Amenunua kitambaa kipya cha kichwa. Amepewa nafasi ya kusema kwenye sherehe! Anafanya mazoezi akichagua maharagwe: "Mimi nataka kumshukuru Mwalimu. Huyu ndiye alimfunika mtoto wangu."

Nikamwambia kuhusu masomo ya Mumbua — sitaki. Akashangaa. Anasema Mwalimu hataki chochote, ni upendo tu. Kila Krismasi si yeye huniletea sukari?

Kisha nikasema, "Mwaitu, na kama haikuwa malaria?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Nauliza tu."

"Mwalimu aliona watoto wengi," akasema. Akaendelea kuchagua. Lakini nilikuwa namwangalia. Alitupa maharagwe mazuri, akaacha mawe.

Ijumaa, 3 Agosti

Muthetheni. Tumefika saa tisa. Uwanja wa shule una mahema tayari, na viti vimepangwa. Nimepita bila kuangalia upande wa madarasa.

Nilimtuma Mumbua dukani kununua chumvi. Akachelewa. Aliporudi alikuwa na rula mpya, ndefu, ya mbao. Anasema mzee mmoja wa miwani amempa. Alimwuliza kama yeye ni mtoto mtiifu kama mama yake.

Nimeitia rula jikoni, katikati ya moto. Mumbua akalia sana. Mwaitu alikuwa anakoroga muthokoi kwenye sufuria. Aliangalia ile rula mpaka ikaisha kuungua, kisha akaniangalia mimi.

Jumamosi, 4 Agosti, saa mbili asubuhi

Nimempeleka Mumbua kwa Mwikali, jirani yetu, tangu alfajiri. Nimemwambia Mwikali asimpe mtu yeyote huyo mtoto, hata akitumwa na mwaitu. Mwikali aliniangalia vibaya, akakubali.

Niliporudi, Mwalimu yuko sebuleni! Amekuja kumchukua mwaitu, watembee pamoja mpaka shuleni. Suti ya kijivu, ua kwenye koti. Nikamsalimia kutoka mlangoni, nikaingia huku chumbani. Naandika kwenye magoti. Ukuta ni mwembamba, nasikia yote.

Ameuliza Mumbua yuko wapi. Mwaitu anasema ametoka na mama yake, labda yuko nje. Chai imemiminwa. Anasema masomo yaanze Jumatatu tu, mtoto asizoee kucheza.

Sasa anacheka kidogo. "Mbula haendi kinyume. Nilimjua. Hata siku ile ya Mutinda watoto wengine walikuwa wanalia, lakini yeye nilimwambia shika, akashika."

Mwaitu: "Siku gani?"

"Mambo ya zamani hayo, mama. Tunywe chai, tusichelewe."

"Mwalimu. Siku gani ya Mutinda?"

Kijiko cha Mwalimu kinazunguka ndani ya kikombe, kinazunguka tu.

Baadaye kidogo

Mwaitu ameingia hapa. Amevaa kiatu kimoja. Kitambaa kipya bado hajakifunga, kiko mkononi. Hakukaa.

"Ulishika nini?"

Nikaendelea kuandika.

"Mbula. Nimekuuliza, ulishika nini?"

Nikasema nipe dakika moja. Akasema sawa, maliza hayo unayoandika, halafu uje hapo sebuleni uniambie Mwalimu akiwa anasikia. Yeye hatoki. Mimi ndiye nimekaa karibu na mlango, akasema.

Amerudi kukaa. Huku chumbani mlango ameuacha wazi kabisa. Naona goti la suti ya kijivu. Naona mguu wa mwaitu usio na kiatu, kwenye sakafu.

Kwaya imeanza kule shuleni. Mtu anapiga hodi nje, anasema Mwalimu, watu wanakungoja.

Ameita, "Mbula." Sijui ni nani kati yao. Sauti ilikuwa ya chini mno.