Jovina, Daktari Wetu wa Muyinga

Jovina wetu, mwaka umezunguka tangu tukulaze katika udongo wa Nyarusange, na bado ndimi zetu zinakataa kukuita marehemu.

Ulikulia katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, ukiwafunga wadogo zako bandeji za vipande vya khanga hata wasipoumia. Uliposema utakuwa daktari, majirani walikurekebisha kwa upole: "Nesi, mwanangu. Daktari ni mwanamume." Mama yako tu ndiye aliyekuacha usome.

Ukawa mwanamke wa kwanza kupasua wagonjwa katika ile hospitali ndogo upande wa Muyinga. Siku za mwanzo, mzee mmoja, akidhani wewe ni nesi, alikuzibia mlango huku mkewe akigaagaa kwa uchungu wa kuzaa.

"Mi nataka docteur, si infirmière."

"Docteur ni mi, mzee. Nipishe."

Mkewe alitoka salama, na mtoto mzima. Ulitusimulia hayo ukicheka, unamenya ndizi, maana ukiwa likizo hukukubali mtu mwingine aingie jikoni kwako. Baadaye wanaume haohao wakawa wanauliza getini, "Yule mama yupo leo?" Wakisikia hupo, wanakaa kwenye majani kukungoja.

Kisha mwenzako wa pekee aliyejua kupasua akaenda ng'ambo. Ukabaki peke yako, mjamzito, miguu imevimba. Mumeo Crispin alikusihi urudi nyumbani Musinzira, hapa Gitega, upumzike. Ulimwambia, "Nikiondoka, hawa kina mama atawapasua nani?"

Uchungu ulikukuta kazini, ukiwa na glavu mikononi. Damu ikakataa kukoma. Wauguzi uliowafundisha walijua kabisa kinachotakiwa, lakini wa kukifanya ulikuwa wewe. Wakakupakia garini kuja Gitega, kwenye daktari wa kupasua. Hukufika. Mtoto naye hakufika.

Nafasi yako iko wazi hadi leo. Wanawake wa kule wanapitishwa barabara ileile, na si wote wanaofika.

Nadia, binti yako, ameacha masomo ya udaktari katikati. Tulipomsihi arudi, alituuliza, "Mama aliupata huo udaktari. Ulimfaa nini?"

Unakumbukwa na mumeo Crispin, wanao Nadia na Moses, mama yako Theodosia, kaka yako Ignasi na mdogo wako Jeska.

Hutatutoka moyoni, Jovina, maadamu tunapumua.