Kimya cha Bendi ya Kutu

Jumanne

Vidole bado vinaniwaka. Nimepiga gitaa la besi mbele ya watu, mimi ninayejificha jikoni wageni wakibisha hodi.

Bendi ya Kutu haijulikani hata hapa Kaole. Roki yao inakwaruza kama bati linaloburutwa, kisha katikati ya kila wimbo wananyamaza kabisa. Nilidhani wameiga kutoka mahali fulani. Kumbe, anasema dada Rehema mpiga gitaa, tangu mwanzo wanafanya mazoezi alasiri uani kwa bibi yake. Adhana ikisikika wanaacha, wanaswali, wakirudi wanaendelea palepale walipokatia. Nyimbo zikazoea hivyo. Nimelipenda jambo hili mno.

Mpiga besi wao amehamia Dodoma, akaacha gitaa lake hapa, nami nimekuwa nikijifunzia hilo. Leo baada ya swala dada Rehema akanikabidhi.

"Haya bibie, anza wewe."

"Nikikosea?"

"Tutakosea wote, watu watajua ndivyo wimbo ulivyo."

Nilikosea mara mbili. Wakakosea nami, huku wakicheka.

Jumamosi wanapiga harusini, wananitaka. Mama sijui atasemaje, naogopa hata kumwambia. Lakini nilijibu nitakuja, na safari hii sauti yangu ilisikika, sikuambiwa nirudie.